Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Pasi

4 Desemba

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu, na kwamba ile soksi ya kubana uliyopewa hospitali unaivaa, hujaitundika msumarini kama pambo. Sisi huku wazima. Baba watoto amebadilishiwa zamu, anatoka alfajiri na kurudi na njaa ya watu watatu. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na siku hizi anacheka ameziba mdomo. Kaka yuko safarini na lori lake. Hupiga simu akipata mtandao, anauliza kama tumekula, anakata. Tangu Mama aondoke amekuwa hivyo, anauliza chakula tu.

Karakana tunashona sare za shule mpaka naona rangi ya buluu hata ukutani. Cherehani yangu imeanza kuruka mishono. Fundi wake ni yule yule anayeiangalia, anatikisa kichwa, anaondoka.

Nasubiri orodha yako. Tangu nikiwa darasa la tatu hujawahi kuniangusha: kila Desemba unachagua albamu kumi bora za mwaka. Zamani ulichukua wimbo mmoja kutoka kila albamu ukanirekodia kanda, siku hizi unaniandikia majina na sababu zako, na matusi kwa albamu zilizokosa nafasi. Kanda zote ninazo ndani ya bati la biskuti. Ile ya mwaka nilioanza sekondari niliicheza mpaka mkanda ukalegea. Nilijifunzia kuimba humo.

Jambo lenyewe sasa. Ninatoa albamu. Usicheke. Nyimbo nane, na ninarekodi kila Jumamosi mchana kwa bwana mmoja wanayemwita Koplo, ambaye studio yake ni chumba kimoja chenye magodoro ukutani na birika la chai juu ya spika. Wimbo wa nane ni ule wa Mama, wimbo wa pasi. Mimi nakumbuka ubeti wa kwanza:

*Kola kwanza, kola ndiyo uso,*
*bega la kulia, bega la kushoto,*
*mikono msigombane, zamu zenu zaja.*

Ubeti wa pili ndio uliokuwa unanitaja mimi, na sikumbuki hata neno. Kaka hakumbuki. Lakini wewe ulimrekodi. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa chini ya meza ya kupigia pasi, ukaniambia nisipumue kwa nguvu. Sauti ya Mama haipo mahali pengine popote. Simu alikuwa akiishika kama kitu cha moto, na ukimwelekezea kamera ananyamaza. Siku ya pili ya msiba nilikuomba uje na hiyo kanda. Ulisema utaitafuta. Hukuja, na kanda haikuja. Sikulaumu, najua mguu.

Nataka sauti yake imalizie albamu. Koplo anafunga kazi ya albamu mwisho wa Aprili. Tafadhali Mjomba, hicho tu.

Mpwa wako,
Sindano


29 Desemba

Mpwa wangu Sindano,

Marahaba, marahaba sana. Soksi naivaa, na inanibana kama mwenye nyumba. Mguu unaendelea. Asubuhi nafungua kibanda, nakaa na redio za watu, na siku hizi kila redio inayoletwa ina mende ndani. Natoa mende, nafunga, inaimba. Mwambie mjukuu wangu acheke bila kuziba, mimi nina mapengo sita na bado nacheka. Kaka yako msalimie. Mwambie nami nimekula.

Nimefurahi kusikia habari ya albamu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, kwa hiyo siandiki.

Haya, orodha. Sharti unalijua: albamu haiingii hapa kabla sijaisikiliza mara saba, nzima, bila kuruka wimbo. Ya kumi ni *Mvua ya Mchana* ya wale mapacha. Mpiga ngoma wao ana haraka ya mtu aliyeacha maji jikoni, lakini ile haraka ndiyo raha yenyewe. Ya tisa na ya nane zimenigombanisha na usingizi wa mchana wiki mbili nzima, mwishowe nikaitanguliza *Kiti cha Mbele* kwa sababu ya besi. Ya saba usiniulize, nimeiweka kwa kumwonea huruma mwimbaji. Ya sita ni kwaya ya wauguzi, *Zamu ya Asubuhi*, wanaimba kama watu waliokwisha kuona kila kitu. Ya tano, *Barabara Haijaisha*, na kweli haijaisha: wimbo mmoja dakika kumi na nane! Ningekuwa mimi ningeukata katikati. Ya nne na ya tatu ni za yule mzee wa gitaa ambaye mwaka huu ametoa albamu mbili kana kwamba anafukuzwa. Ya pili ni *Sabuni na Maji*. Isikilize ukiwa unafua.

Ya kwanza inaitwa *Chumba cha Uani*. Ni ya mama mmoja mtu mzima aliyerekodiwa nyumbani kwake, hakuna ala zaidi ya gitaa moja. Kiti kinalia. Mahali fulani unasikia sufuria inafunikwa. Sina la kusema zaidi. Nimeisikiliza mara moja.

Kuhusu ile kanda, vitu vyangu viko kwenye makasha tangu nilipohama. Nitatafuta.

Mjomba wako


25 Januari

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Tumeuanza mwaka salama, isipokuwa baba watoto aliteleza bafuni akajigonga kiwiko, na sasa anatembea nacho akikionyesha watu. Binti meno yameanza kuchomoza. Kaka alipita hapa siku mbili, akalala chumba cha Mama. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani ameshika tama. Nikamwuliza vipi, akasema anatafuta soksi.

Orodha nimeisoma kwa sauti karakana nzima. Wenzangu wamekubali kumi hadi mbili, ila shangazi wa mashine ya vifungo anasema kwaya ya wauguzi umeidhulumu, ilistahili tatu bora. Mimi ninakugomea kwenye *Barabara Haijaisha*. Dakika kumi na nane zile zina sababu. Kuanzia dakika ya kumi na mbili mpiga kinanda anaanza kujibu sauti, wewe ulikuwa umeshanuna husikii.

Lakini Mjomba, tangu lini albamu uliyoisikiliza mara moja ikawa ya kwanza? Mimi mwaka ule nilikuomba uiweke ya wale wasichana watatu, ukasema umeisikiliza mara sita tu na sheria ni sheria. Nililia. Na wewe leo unavunja sheria na husemi kwa nini.

*Chumba cha Uani* nimeitafuta nikaisikiliza. Nimeelewa kidogo. Yule mama anavuta pumzi kama Mama.

Nyimbo sita zimekwisha. Koplo ni mtu wa maneno machache, akipenda kitu anaongeza sukari kwenye chai. Wimbo wa pasi tumeupima kwa gitaa, ubeti wa kwanza ninaimba mimi, halafu tunaacha nafasi aingie Mama. Nafasi hiyo nikiisikia nywele zinanisimama.

Kama makasha ni mengi, nitakuja mimi. Naomba ruhusa siku tatu, napanda basi, nafungua kasha moja moja, wewe unakaa tu unaniamrisha. Sema siku.

Sindano


18 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Pole kwa kiwiko cha baba watoto. Huku joto limezidi, risasi ya kulehemu inataka kuyeyuka kabla sijaigusa na chuma. Nimepata mteja mwenye redio ya marehemu baba yake. Anataka ifanye kazi lakini hataki nibadilishe hata kifaa kimoja ndani yake. Nimemwambia nitafikiria.

Usije. Chumba hiki hakifai mgeni, paa linavuja upande wa makasha, na barabara unaijua. Isitoshe nimeshatafuta.

Sindano, nimeipata kanda lakini habari si njema. Niliiweka kwenye mashine ili niijaribu kabla ya kutuma, mashine ikaitafuna. Ni kanda ya zamani, na mashine ni ya zamani, na mimi pia. Ndivyo ilivyokuwa. Naomba unisamehe.

Wimbo uimbe mwenyewe, wote. Sauti unayo. Hata Dada mwenyewe alikuwa akisema.

Ile ya wasichana watatu nilikosea kuikataa. Nimeifikiria tena. Ilistahili nafasi ya nne.

Mjomba


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wote hawajambo, nitakueleza siku nyingine.

Nilipoisoma barua yako nililia pale pale kwenye cherehani, nikaharibu mkono wa shati. Halafu nikaipeleka kwa Koplo. Akasema, "Kanda kutafunwa si kufa. Mwambie asitupe hata kipande." Anasema mkanda uliokunjamana unanyooshwa, uliokatika unaunganishwa, na sauti itakuwa na mikwaruzo lakini itakuwepo. Amewahi kuunganisha kanda iliyokatika mara kumi na nne. Na wewe unayajua haya kuliko yeye. Wewe ndiye uliyenifundisha kuunganisha kanda kwa wembe nikiwa darasa la sita!

Kwa hiyo tuma vipande. Vitie kwenye bahasha, hata vikiwa mia. Hata kama ni ubeti wa pili peke yake. Hata kama ni mahali anapokohoa.

Sindano


27 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Wiki nane zimepita bila jibu. Nimemwuliza jirani yako muuza vitabu kwa simu, anasema uko salama, unafungua kibanda kila siku, unasalimia watu. Basi huumwi.

Koplo amefunga kazi Jumamosi. Amenipa miezi miwili ya hisani kwa wimbo wa nane, zaidi ya hapo hawezi.

Sijui nimekukosea nini. Nimejiuliza kama hupendi mimi nitoe albamu, labda unaona nitaiaibisha miaka yote uliyonifundisha kusikiliza. Nimejiuliza kama unaionea wivu sauti ya dada yako. Nimewaza mengi ya kijinga. Hukuja kumzika, Mjomba. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa nakuangalia wewe tu mlangoni. Walipomtoa nje niliwaambia wasubiri kidogo. Watu wazima walisimama juani kwa ajili yangu nusu saa, kwa sababu nilisema, "Mjomba atakuja, ana sauti ya Mama mfukoni."

Sitaomba tena.

Mpwa wako


16 Mei

Mpwa wangu,

Safari hii siulizi hali, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Mashine haikutafuna kitu. Nilikudanganya. Kanda ya mama yako niliifuta mimi, kwa mikono yangu, mwaka uleule ulioanza sekondari.

Nitakueleza ilivyokuwa. Miaka thelathini na moja nilifanya kazi maktaba ya redio. Kule kila kanda ilikuwa na lebo tatu, moja kwenye kanda, moja kwenye kasha lake, moja kwenye daftari, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwagombeza wenzangu waliosahau. Nyumbani sikuandika lebo hata moja. Nilikuwa nikijisifu kwamba kanda zangu nazijua kwa kuzishika tu. Watu walikuja kunijaribu, wananifunga macho, wananipa kanda, nataja kilichomo. Nilikuwa napatia. Sikukosea hata mara moja, ila mara moja.

Desemba ile kanda tupu ziliadimika madukani. Mimi nilikuwa na desturi ya kuchukua kazini kanda za matangazo yaliyokwisha muda wake. Zote zilikuwa zimevunjwa yale meno mawili ya mgongoni ili zisirekodiwe tena, nami nilikuwa nayaziba yale matundu kwa karatasi niliyoitafuna, nikarekodi. Kanda ya Dada niliivunja meno mwenyewe siku ile ile aliyoimba, wewe ukiwa chini ya meza unaangalia. Nilisema, sasa hii haifutiki kamwe. Halafu baada ya miaka saba nikaishika, mkono ukaniambia ni tangazo la sabuni, nikaziba matundu, nikarekodi juu yake nyimbo kumi bora za mwaka. Nikaifunga kwa karatasi ya zawadi, nikakutumia.

Sindano, kanda uliyoicheza mpaka ikalegea ndiyo hiyo. Iko kwenye bati lako la biskuti. Mama yako alikuwa humo kabla yangu.

Mwezi wa pili Dada alikuja kunitembelea, akavua viatu, akasema, "Hebu niwekee nijisikie nilivyokuwa." Nikaweka kanda niliyodhani ndiyo yake. Mtu akaanza kuuza sabuni. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema, "Leo fundi umepatikana!" Nami nikacheka. Nikamwambia nitaitafuta. Nilipoelewa kilichotokea ilikuwa ni usiku wa siku hiyo, na tangu hapo kila alipouliza nilimjibu ipo, nimeihifadhi vizuri. Miaka ishirini na miwili nilimwambia ipo. Amekwenda akiamini ipo.

Siku ya msiba mguu haukunizuia. Nilifunga begi, nikaenda hadi kituo cha basi, nikakaa kwenye benchi. Basi la kwanza likaondoka. La pili likaondoka. Nilikuwa natafuta sentensi ya kukuambia nikifika, sikuipata, nikarudi nyumbani. Hayo uliyoyaandika, ya watu kusimama juani, sikuyajua. Sasa nayajua.

Kuhusu ubeti wa pili. Nimekaa na kalamu wiki tatu. Nakumbuka kulikuwa na mfuko wa kifua. Nakumbuka mahali alipoinama akakuchungulia chini ya meza, na sauti ikapungua kwa sababu aligeuza kichwa. Maneno yenyewe sina. Nikiyaandika nitakuwa nayatunga, nami nimekudanganya vya kutosha.

Sikuombi unisamehe. Niliomba Februari kwa kosa ambalo si lenyewe, sasa sina uso wa kuomba mara ya pili.

Mjomba wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Naamini mko salama. Sikutarajia jibu, naandika tu ili ujue nipo.

Yule mteja mwenye redio ya marehemu baba yake alirudi. Nilimwambia ukweli, kwamba bila kubadilisha kifaa kimoja haitaimba. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha vitufe vyake kimoja kimoja. Kisha akasema, basi ikae hivyo hivyo, akaibeba, akaondoka nayo. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Mwaka huu hakutakuwa na orodha. Sijasikiliza albamu yoyote tangu Mei. Redio za watu nazitengeneza, nazijaribu kwa sekunde tano kama zinaongea, nazima. Muuza vitabu ameniletea albamu mpya mbili, anasema zote ni za nafasi tatu bora. Ziko mezani na nailoni yake.

Albamu yako ikitoka, usinitumie ukiona huwezi. Nitaelewa.

Mjomba


21 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Jana ilikuwa mwaka mmoja. Tulikwenda makaburini, mimi, Kaka, baba watoto na binti, tukapalilia, tukarudi. Kaka aliuliza kama umeandika. Nikasema umeandika. Hakuuliza uliandika nini, nami sikumwambia. Sijamwambia mtu yeyote isipokuwa Koplo.

Nilipopata barua yako ya Mei nilitaka kukujibu vibaya sana. Niliandika barua tatu nikazichana. Nilikasirika kwa sababu ya kanda, na zaidi kwa sababu ya Mama kufa akidhani anayo sauti yake mahali. Halafu nilikasirika kwa sababu ulinifanya niipende ile kanda. Miaka yote hiyo nilikuwa nacheza juu yake. Bati la biskuti nililisukuma chini ya kitanda, nikamwambia binti asiliguse. Wiki nyingine nilikuwa nakuonea huruma ukiwa pale kwenye benchi, na hasira inarudi kwa kuwa nimekuonea huruma. Bado inakwenda na kurudi. Sitakudanganya kwamba imekwisha.

Wimbo wa nane nimeurekodi mwezi wa sita. Una ubeti mmoja tu. Ikifika zamu ya ubeti wa pili gitaa linapiga peke yake, taratibu, mpaka mwisho. Koplo aliongeza sukari vijiko vitano.

Jumamosi iliyopita nilipiga moyo konde, nikaitoa ile kanda nikampelekea. Nilitaka kuuliza kama kuna mashine siku hizi inayoweza kufukua sauti iliyo chini ya nyingine. Akaniambia hakuna. Kilichorekodiwa juu kimefuta cha chini, hakuna chini tena. Nikamwambia basi iweke tu, tuisikilize hivyo ilivyo. Akaiweka upande wa kwanza, akaenda uani kujaza birika.

Nyimbo zako tano zikapita. Unakumbuka ulivyonifundisha? Wimbo wa mwisho ukiisha zima papo hapo, mashine isizunguke bure, kichwa chake cha kusomea mkanda kinalika. Maisha yangu yote nimezima hapo. Safari hii Koplo alikuwa nje, nami nilikuwa nimejikumbatia, sikuwa na nguvu ya kunyoosha kidole. Mkanda ukaendelea. Kulikuwa na mvumo. Ukakatika, ukaja mvumo mwingine, mzito zaidi, wa chumba.

Mjomba, wimbo wako wa tano haukufika mwisho wa mkanda. Zilibaki sekunde arobaini. Nimezipima.

Wimbo wenyewe haumo, Mama ameshamaliza kuimba. Unasikika pasi inawekwa juu ya chuma chake. Anakunja kitu. Halafu unasikika wewe, na sauti yako ni nyembamba kama ya mtoto wa shule, sikukutambua mara moja. Unasema, "Dada, rudia ubeti wa pili, ulinipa mgongo."

Mama anacheka. Anasema, "Aa, nimechoka bwana. Utanirekodi siku nyingine. Kwani nakwenda wapi?"

Kisha kitufe kinabonyezwa.

Nimeisikiliza mara tatu. Mara ya nne nilipeleka kidole nikakirudisha. Koplo alitaka kunitolea nakala nikutumie, nikamkatalia. Kanda hii haitatoka tena nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu unakujua. Panda basi la kwanza, usikae kwenye benchi. Siwezi kuisikiliza tena peke yangu, na hakuna mwingine aliyekuwemo chumbani siku ile.

Mpwa wako,
Sindano